Ngoro Zisizo na Nyasi

Wageni wanaofika Umatengo, milimani Mbinga, kwa mara ya kwanza husimamisha gari, wakashuka, wakapiga picha. Wanaona mteremko mzima umetobolewa mashimo, safu juu ya safu, toka kileleni hadi kijitoni, na wanasema ni mzuri. Ni mzuri kweli, ila hakuna aliyewahi kuchimba ngoro, maana ndivyo mashimo hayo yaitwavyo, kwa ajili ya uzuri. Ngoro ilibuniwa na watu waliosukumwa milimani, wakakuta ardhi imesimama wima na mvua inanyesha nusu ya mwaka. Hao hawakuwa na nafasi ya kubahatisha. Ama waufunge udongo wao, ama wautazame ukiteremka mtoni kila masika mpaka wabaki wanalima mawe. Wakaufunga, na kamba waliyotumia ni nyasi.

Kazi yenyewe imegawanywa tangu zamani. Mwanamume hufyeka nyasi, akaziacha zikauke, kisha akazilaza mistari inayokatizana hadi mteremko ukajaa miraba. Mwanamke huja na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kuutupia udongo juu ya nyasi pande zote, mpaka nyasi zikazikwa na katikati pakabaki shimo. Mvua inyeshe itakavyo, maji hayapati mbio. Yanaingia shimoni, yanatulia, yanaacha tope lake chini, halafu yanapenya polepole kwenye kuta. Nyasi zilizomo ndani ndizo zinazoyapitisha bila kuubomoa udongo, na zikioza ndizo chakula cha maharage mwaka huu na cha mahindi mwaka unaofuata. Ngoro isiyo na nyasi ni ndoo ya udongo iliyotundikwa mlimani.

Rosina hakuzaliwa akiyajua hayo. Alitoka upande wa Kigonsera, ambako ardhi imelala na watu hulima matuta yao wakapumzika. Alipoolewa na Dunstan, juu kule nyuma ya Mpepai, mama mkwe wake Ottilia alimtazama siku ya kwanza shambani akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akamfundisha. Alimfundisha kwa ukali. Rosina akimaliza ukuta, Ottilia anakuja anaupiga kisigino. Ukibomoka, bi harusi anaanza upya huku jua linamchoma utosi. Rosina alimchukia kwa msimu mzima. Baadaye alimpenda kuliko alivyompenda mama yake mzazi, na hakuona aibu kulisema.

Mwanafunzi alimshinda mwalimu. Baada ya miaka michache hapakuwa na mwanamke katika ukoo ule aliyejenga ngoro kama Rosina. Kuta zake zilikuwa zimenyooka na kulainishwa kwa mgongo wa jembe, na wanawake wenziwe walimtania kwamba anasubiri wageni waje waweke vikombe vya chai juu yake. Sifa ni kitu kitamu. Hakuna aliyemwambia kwamba sifa nayo ina siku zake mbaya.

Kisha likaja soko huria. Chama cha ushirika, kilichozoea kuchukua kahawa ya watu na kuwapa ahadi, kikalala chali. Ruzuku ikaondolewa, na mbolea ya chumvichumvi, iliyokuwa inakuja kwa mkopo, sasa ikakaa dukani ikiwatazama watu nao wakiitazama. Wakaingia wanunuzi binafsi. Mmoja wao, Abdulmalik, mfanyabiashara wa Mbinga mjini mwenye asili ya pwani, alikuwa mtu mkweli na hili nalisema ili asije akabebeshwa mzigo usio wake. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba kahawa yenye punje nene atainunua kwa bei ya juu, na kwamba punje hunenepa pale mizizi ya mibuni inapofunikwa matandazo ya nyasi wakati wa kiangazi. Alisema kweli tupu. Ila hakuulizwa nyasi zitoke wapi, naye hakuwa na sababu ya kujua.

Nyasi zamani zilikuwa za Mungu. Sasa vilima vingi vilikuwa vimefunguliwa mashamba, mapori ya kupumzisha ardhi yamepungua, na nyasi zilizobaki zikawa na midomo miwili ya kulisha. Upande mmoja ulikuwa mbuni wa baba, wenye kuleta fedha mkononi. Upande wa pili ulikuwa ngoro ya mama, yenye kuleta maharage sufuriani. Huhitaji shahada kujua nani alikula kwanza.

Dunstan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kutandika masufuria sakafuni kila mvua inyeshapo, kwa kuwa nyumba yao ilivuja kama chekecheke. Mwezi wa tatu wa mwaka tisini na saba, nyasi zilizofyekwa zilipokuwa zimekauka mlimani, alimwambia mkewe kwamba mwaka huo zitakwenda zote kwenye kahawa. Yeye Rosina achimbe ngoro hivyo hivyo, udongo mtupu. Ni msimu mmoja tu. Kahawa ikikubali, watapaua bati, na mwaka utakaofuata nyasi zitarudi ngoroni. Rosina alimkumbusha kwamba chini ya mteremko ule, karibu na kijito, ndipo ilipo nyumba ya mama yake, Ottilia. Dunstan akamjibu kwamba mikono yake yeye Rosina ina nguvu kuliko nyasi.

Na Rosina, nasikitika kusema, alifurahi kusikia hivyo. Alifurahi, na alilitaka lile bati. Wakakubaliana.

Mwaka ule hawakuita majirani wa kulimiana. Rosina alichimba peke yake asubuhi, ukungu ukiwa bado umeziba mlima. Dunstan alilaza nyasi kidogo kwenye safu zinazopakana na njia, kwa ajili ya macho ya wapita njia, na kwingine kote hakuweka hata unyasi mmoja. Ukuta wa udongo mtupu ni mgumu kuusimamisha, ukitaka usimame lazima uukandamize na kuupiga ukaze. Rosina aliupiga, akaulainisha. Ukungu ulipofunguka watu walisimama njiani wakasema mwaka huu Rosina amejipita mwenyewe.

Maharage yalitoka ya njano, mafupi, na maganda yake mengi yalikuwa matupu. Kahawa ilinenepa. Bati likaja, likapigiliwa, likang'aa, na Ottilia akapanda toka kijitoni kulitazama. Alizunguka nyumba, akampongeza mwanawe, kisha akamuuliza Rosina kwa sauti ya chini maharage yamepatwa na nini. Rosina alisema ni ukosefu wa mbolea. Mwaka ule kila mtu alikuwa anasema ukosefu wa mbolea, kwa hiyo uongo wake ulipita bila shida.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilianza, na haikuwa mvua tunayoijua. Redio iliipa jina, ikaiita Elnino, na watu wakalitamka jina hilo kwa hofu, kama vile ni mtu aliyetumwa. Ilinyesha Krismasi, ikanyesha mwaka mpya, madaraja yakaondoka, magari ya kutoka Songea yakakwama, wanawake waletao usipa, dagaa wa ziwani, toka Mbamba Bay wakaacha kupanda milimani. Mahindi yalikuwa yamepandwa juu ya kuta za ngoro na yalikuwa yamefika kiunoni, majani yakiwa mekundu kwa njaa ya udongo.

Rosina alikuwa anaenda shambani kila siku, si kupalilia bali kutazama. Alichokiona kilimnyima usingizi. Katika ngoro za kweli maji hujaa mvua ikinyesha, na mvua ikikatika huzama taratibu, kufikia kesho yake unaona tope chini. Katika zake maji yalijaa yakabaki. Udongo aliokuwa ameupiga ukakaza haukuwa na pa kuyapitishia. Kila shimo lilikuwa limebeba uzito ambao wanawake wa milimani wanaujua vizuri kwa shingo zao, maana debe moja tu la maji likikaa kichwani linakulazimisha upumzike njiani, na kila shimo lilikuwa na madebe mengi. Juu kabisa, ukuta mmoja ulikatika mbele ya macho yake. Maji yakaangukia shimo la chini, nalo likashika, kwa shida. Aliurudishia ukuta ule kwa mikono, akirundika tope juu ya tope, na moyo wake ukimwambia wazi kwamba siku shimo la chini lisiposhika, hakutakuwa na kitakachoshika tena mpaka kijitoni.

Alimwambia Dunstan usiku uleule wamhamishe mama. Dunstan aliuliza watampa mama sababu gani, na wazee je. Sababu ilikuwa moja tu, na akiitaja amejiua. Katika ukoo ule bado walishikilia sengu, jambo ambalo kwingi lilikuwa limebaki hadithi: wanaume wa ukoo hukaa pamoja kwa mkubwa wao Jumapili baada ya Misa, kila mke akaleta chakula cha mumewe, wakala sahani moja na kuamua mambo yao. Mtu aliyeiba hutengwa na sahani ile. Na kuchimba ngoro bila nyasi juu ya nyumba ya mtu, tena mama yako, kulikuwa kubaya kuliko wizi. Dunstan alisema watasubiri. Mvua haiwezi kunyesha milele.

Rosina alisubiri mpaka Jumapili, akakoma kusubiri.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Mzee Romanus, kaka wa marehemu baba yake Dunstan, mtu wa maneno machache, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito chini ya mlima wake mwenyewe. Wanawake hufika kwenye sengu, wakaweka chakula, wakaondoka. Rosina aliweka ugali na mboga, akapiga magoti, wala hakuondoka. Aliamkia, na walipoitikia akasema anaomba kusema jambo. Mumewe aliinama akatazama vidole vyake vya miguu. Rosina akawaambia kwamba ngoro zake hazina nyasi, kwamba maji hayazami, kwamba Mama Ottilia analala chini ya mlima unaoning'inia.

Hakumtaja Dunstan kwamba ndiye aliyezichukua nyasi. Hapakuwa na haja, kila mtu anajua nani hulaza nyasi.

Mzee Romanus alinawa mikono polepole. Alisema hakuna mwanamke anayejisingizia bure, na kwa hiyo watakwenda kutazama. Wakaenda wanaume wote, na Ottilia, aliyekuwa amesikia, akawafuata na jembe lake begani. Mvua ilikuwa imepumzika. Mlima ulikuwa umetulia na mashimo yake yaliyojaa, kila moja likiakisi wingu, kuta zimenyooka kwa mstari, na hata aliyetaka kumwamini Rosina angeshindwa. Wazee walikwenda kando ya njia, wakachoma fimbo zao kwenye kuta, wakabandua udongo. Nyasi zikaonekana, nyeusi, zimeoza vizuri.

Rosina aliwaambia hapo ni njiani, wapande juu. Mmoja akasema kwamba wakipanda wataibomoa kwa miguu yao kazi nzuri kama ile. Mzee Romanus alikubali kwa kichwa, harakaharaka. Hapo Ottilia akasema atapanda yeye, kwa kuwa yeye ni mwepesi na ndiye aliyemfundisha huyu binti. Walimwona akipanda kwa kushika mahindi, wakamwona amefika katikati, akainama, akatia jembe. Alikaa pale ameinama kwa muda mrefu. Alisogea kando, akatia jembe tena. Kisha akakusanya udongo, akaufunika, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale, akateremka.

"Zimo," alisema. "Nyasi zimo. Mwanangu alizilaza mwenyewe, nilimwona."

Wanaume wakashusha pumzi. Mzee Romanus alisema mambo ya mvua hii yamewatisha wengi, na Dunstan amtunze mkewe, huenda ana homa ya kichwa. Wakarudi kula chakula kilichopoa. Na Dunstan akala nao.

Rosina alimfuata Ottilia mpaka ndani ya nyumba yake. Alikuwa na hasira, jambo ambalo hakuwahi kulionyesha mbele ya mkwe.

"Mama, umeona."

"Nimeona," Ottilia alisema. Alikuwa anaosha miguu, wala hakuinua kichwa. "Baba yake Dunstan alikufa huyu akiwa mgongoni. Wale wazee walitaka kuugawana mlima, nikawaambia nitamlea mpaka akae sengu kama baba yake. Amekaa. Leo niwaambie amenitundikia maji juu ya kichwa? Mtu aliyetolewa sengu, Rosina, atazikwa na nani?"

"Na wewe utazikwa na nani?"

Ottilia alicheka kidogo. Alisema yeye ni mzee, na mvua ni ya kupita. Waliosema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe walikuwa wamemwona mtu kama huyu. Rosina alilia pale pale, akamshika magoti, na kilio hicho ndicho kilichomlainisha mama yule kidogo. Wakatafuta hila. Rosina atajilaza, aseme anaumwa. Mama apande kumuuguza. Alale kule juu, kando ya mteremko, kwenye nyumba ya bati, mpaka mvua iishe. Hakuna atakayeuliza mama anatafuta nini kwa mkwe mgonjwa. Wenye akili timamu walikuwa wameona kichwa chake hakiko sawa tangu Jumapili, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umeshatangazwa.

Hila ilifanya kazi vizuri. Ottilia alipanda na kikapu chake na kanga moja, akampikia uji, akamsuka nywele. Nje mvua ilipiga bati mpaka watu wakasemezana kwa kuinua sauti, na Rosina, aliyeligharamia bati hilo, aliliona linampigia kelele yeye. Lakini mama alikuwa ndani. Kwa siku kadhaa alipata usingizi.

Kilichobaki kule chini kilikuwa nguruwe. Kila alasiri kijana wa jirani alimpelekea nguruwe makapi, na Alhamisi ile hakutokea. Alasiri hiyo pia Recho, mke wa Mzee Romanus, alikuwa amekuja kumwona mgonjwa. Alikuwa mke wa pili baada ya wa kwanza kufariki, mwenye umri wa Rosina tu, mwanamke mcheshi, ila siku ile hakuwa na utani. Aliketi kando ya kitanda akishika mkono wa Rosina, akitaka kusema neno na kuliacha. Rosina alidhani ni aibu ya kuzungumza na mtu aliyerukwa na akili.

Ottilia alisimama, akajifunika kanga kichwani, akasema anakimbia mara moja kumpa nguruwe chakula.

Rosina alijiinua kitandani. Alisema asubiri mvua ikatike. Ottilia akajibu kwamba nguruwe analia tangu mchana, amemsikia alipotoka nje. Rosina alimtazama Recho, mke wa mkubwa wa ukoo, aliyekaa pale akisikiliza kila neno. Akimshika mama kwa nguvu, akisema lile jambo tena, Recho atalipeleka nyumbani kwake, na uongo wa Ottilia utafunuliwa, na mama yule hatamsamehe. Akasema tu, "Mama, rudi upesi." Ottilia akatoka.

Baada ya kitambo, mvua ikiwa imepungua juu ya bati, ukasikika mlio mdogo, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Kisha mwingine, na mwingine, kila mmoja umeshiba kuliko ule uliotangulia. Rosina aliufahamu toka wa kwanza. Yule mgonjwa aliruka kitandani, akatoka mlangoni na gauni la kulalia, na Recho nyuma yake. Ukuta wa juu ulikuwa umefunguka. Maji ya shimo la juu yaliangukia la pili, na ya mawili yakaangukia la tatu, na kila ukuta ulipokatika ulijiunga na maji na kwenda nayo, mpaka mahindi yakaanza kutembea yakiwa yamesimama. Halafu upande wote wa katikati ulijitenga na mlima. Haukuanguka kwa kasi. Uliteleza kwa uzito, mwekundu, ukifunika kila kitu, na safu za kando ya njia, zile zenye nyasi, zikabaki pale pale mahali pake.

Rosina alikimbia akiita. Alimwona Ottilia ametoka kwenye banda la nguruwe, ndoo mkononi, amegeuka kuutazama mlima. Hakukimbia. Labda aliona hakuna pa kukimbilia. Aliweka ndoo chini, akaiweka vizuri isimwagike, na tope likampita juu, likaipita nyumba, likaingia kijitoni.

Walichimba mpaka kesho yake mchana. Wanaume wa ukoo wote walikuja na majembe, na Dunstan alichimba kwa kucha, kila aliyemwambia apumzike alimsukuma. Tope lilikuwa laini, safi, halina kitu. Rosina alimwona Mzee Romanus akivunja bonge mkononi, akalisugua, akalitazama, akalidondosha, akapangusa kiganja kwenye suruali. Hakumtazama mtu. Walipompata Ottilia, Dunstan alilala juu yake akasema mama nimekuua, akarudia, akarudia, na watu wakasema ni uchungu wa msiba.

Matanga yaliwekwa kwa Dunstan, chini ya bati. Padre alikuja akazika, akasema juu ya gharika na subira. Mvua haikuwa imeisha. Siku ya kuanua tanga, wazee waliketi ndani, wanawake wakajaa barazani na jikoni, watoto wadogo wakaachwa majumbani kwa sababu ya baridi na matope. Mzee Romanus alisimama kufunga msiba kama ilivyo desturi, akaeleza kifo kilivyotokea. Alisema ilikuwa Elnino. Alisema marehemu mwenyewe alipanda akakagua, akaona nyasi zimo, na neno la marehemu halipingwi. Aliuliza kama kuna mwenye neno. Dunstan alikuwa ameketi karibu naye, amekonda kwa siku hizo chache, akainama tena akatazama vidole vyake vya miguu.

Rosina aliwatazama wanawake. Alitaka kuona nani anamlaumu, apate kujua wa kumwepuka. Lakini hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wameinamisha macho, wake wa milima yote ile, wanawake aliochimba nao miaka na miaka, na uso wa kila mmoja ulikuwa wa mtu anayesubiri jina lake litajwe. Alielewa hapo. Kila nyumba ilikuwa imemuuzia Abdulmalik kahawa nene. Kila nyumba ilikuwa imechimba peke yake kwenye ukungu, ikidhani ni yenyewe tu iliyoiba, na kwamba milima ya wengine imefungwa.

Alisimama. Akashika mwimo wa mlango.

"Mama alisema uongo," alisema. "Aliona hamna nyasi, akafunika. Alimficha mwanawe mbele yenu. Ngoro nilichimba mimi, na nilijua."

Dunstan alijifunika uso. Mzee Romanus alimwambia Rosina akae, msiba una adabu zake, na mtu hamvui nguo mfu aliyemlea. Sauti yake ilikuwa nzito lakini haikutulia. Alisema akae, mara ya pili, na baadhi ya wanaume wakaguna kumuunga mkono.

Ndipo Recho alipoingia toka jikoni. Alikuwa amebeba beseni la ugali wa wazee, na hakulipeleka kwao. Aliliweka chini katikati ya nyumba, akapangusa mikono kwenye kanga. Alimwamkia mumewe kwanza, kwa heshima, kama vile hawajaonana tangu jana.

"Shikamoo, mzee. Na kwetu pia nyasi hamna," alisema. "Mlima wetu wote, toka juu. Ulinikataza nisiseme nikanyamaza. Nilikuwa nimemshika huyu mkono siku ile, na nikanyamaza."

Mwanamke mmoja barazani akaanza kulia, na mwingine akasema kwetu pia, na mwingine. Sauti zilikuwa ndogo, za watu walio kanisani. Mzee Romanus alikuwa bado amesimama. Aligeuza shingo kutazama ng'ambo ya kijito, ambako nyumba yake ilikuwa imefungwa mlango, moshi mdogo ukitoka, na mlima nyuma yake umesimama na mashimo yake yote yaliyojaa. Kisha akawaambia vijana waache chakula, waende kwanza wakawatoe watoto majumbani.